Dirisha la Programu Lisilotunza Uwiano Wake: Dalili, Sababu na Marekebisho

Mwongozo huu umekusanywa kutokana na matatizo yanayoripotiwa tena na tena na watumiaji wa programu ya kuchorea kanga ninayoitunza hapa Dar es Salaam. Wengi wao ni wabunifu na wauzaji wa Kariakoo, hasa wenye maduka Mtaa wa Uhuru, na karibu wote hufanya kazi huku mteja amekaa pembeni akitazama skrini. Kanga moja huwa na upana wa sentimita 150 hivi kwa kimo cha sentimita 110, kwa hiyo dirisha la kuchorea linatakiwa kubaki na uwiano wa 15 kwa 11 kila linapokuzwa au kupunguzwa. Uwiano huo ukipotea, hasara yake haiishii kwenye kioo. Niliwahi kukaa na mbunifu aliyeona korosho zake, yale maumbo ya korosho yanayochorwa kwenye kanga, zimenenepa, akazikondesha moja moja kwa saa nzima, na sampuli iliporudi kutoka kiwandani korosho zilikuwa nyembamba kama pilipili kichaa. Mchoro wake wa mwanzo ulikuwa sahihi. Dirisha ndilo lililomdanganya.

Nitaazima majina mawili ya kanga yenyewe, kwa sababu yanalieleza jambo hili vizuri kuliko istilahi nyingi za kompyuta. Dirisha lolote la programu lina pindo na lina mji. Pindo ni upau wa kichwa wenye jina la programu, mstari wa menyu, na kingo zinazoshikwa na kipanya. Mji ni eneo la ndani ambamo mchoro huonekana. Karibu kila tatizo lililo hapa chini linatokana na moja kati ya mambo mawili: ama programu inapima dirisha zima pamoja na pindo ilhali uwiano ni wa mji peke yake, ama inasahihisha ukubwa baada ya dirisha kukwisha kubadilika.

Mtumiaji wa kawaida anaweza kufanya ukaguzi wa mwanzo wa kila sehemu. Marekebisho ya ndani zaidi ni ya mtu anayeushika msimbo wa programu.

Kwanza hakikisha kosa ni la dirisha

Chora duara kubwa katikati ya mji, kisha lipime kwa rula juu ya kioo, upana kwanza na kimo baadaye. Fungua programu nyingine yoyote ya kuchorea, uchore duara humo, ulipime vilevile. Maduara yote mawili yakiwa mapana kupita kiasi, dirisha halina kosa. Tatizo ni la skrini, na hakuna mstari wa msimbo utakaolitibu.

Sababu inayoongoza ni kipimo cha skrini kisicholingana na kioo chenyewe. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa mjini zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768, na mara nyingi mtu fulani ameziweka kwenye 1024 kwa 768 ili maandishi yaonekane makubwa. Kwa mpangilio huo kila duara hutanuliwa upana kwa takriban theluthi moja. Nenda kwenye mipangilio ya skrini, chagua kipimo ambacho mfumo umekiandikia kuwa ndicho kinachopendekezwa, kisha upime tena. Sababu ya pili ni runinga au projekta yenye mpangilio wake wa kutanua picha ijaze kioo. Mpangilio huo huondolewa kwa rimoti ya kifaa hicho, si kwenye kompyuta. Ya tatu, ambayo ni nadra, ni draiva ya kadi ya picha iliyoambiwa itanue picha badala ya kuiacha na mistari myeusi pembeni.

Simama hapa ikiwa hata nembo inayotokea kompyuta inapowaka, kabla mfumo haujaanza, imevutwa, na vitufe vya kioo chenyewe havisaidii. Usifungue kifuniko cha kioo. Vihifadhi chaji vilivyo kwenye sehemu ya umeme vinaweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Mpelekee fundi wa vifaa hivyo.

Dalili: pande zote mbili zinabadilika pamoja, lakini duara linakuwa yai

Hili ndilo lalamiko ninalolipokea kuliko yote, na linahitaji kutazamwa kwa karibu. Mtumiaji anaburuta kona, dirisha linakua kwa nidhamu nzuri, kila kitu kinaonekana kimeshika uwiano, na bado mchoro umepotoka. Kosa huwa kubwa zaidi dirisha linapokuwa dogo. Ukiona kwamba duara ni karibu sawa dirisha likiwa kubwa na linabonyea kadiri unavyolipunguza, huna haja ya kutafuta zaidi: programu imeufunga uwiano wa dirisha zima badala ya mji.

Tuchukue hesabu halisi. Kwenye Windows 10, skrini ikiwa katika ukuzaji wa asilimia 100, dirisha la kawaida lisilo na menyu huongezewa pikseli 16 za upana na pikseli 39 za kimo na pindo lake. Mji wa 900 kwa 660, ambao ni 15 kwa 11 kamili, unahitaji dirisha la 916 kwa 699. Sasa programu ikilazimisha dirisha lenyewe liwe 15 kwa 11, upana wa 916 utaleta kimo cha 672, na mji utabaki 900 kwa 633. Duara la sentimita 60 kwenye kanga, lililopaswa kuwa pikseli 360 kila upande, litachorwa 360 kwa 345. Watu wengi hawatalitambua hilo kwa macho. Lakini mtumiaji akilipunguza dirisha mpaka mji uwe na upana wa 300, kimo chake kitakuwa 193 badala ya 220, na duara lilelile litakuwa 120 kwa 105. Hapo hata mtoto ataona kwamba ni yai.

Njia ya muda kwa mtumiaji ni kulikuza dirisha kwa kuburuta kona kadiri linavyowezekana na kufanya maamuzi ya umbo katika ukubwa huo tu, huku akisubiri marekebisho.

Kwa mwenye msimbo, tiba ni kutoa pindo kabla ya kukokotoa na kulirudisha baadaye. Kwenye Windows, iulize amri AdjustWindowRectEx pindo lina ukubwa gani kwa aina ya dirisha lako, au AdjustWindowRectExForDpi ikiwa programu inatambua ukuzaji wa skrini. Kwenye macOS makosa haya hutokana na kuchagua sifa isiyo yake: NSWindow ina aspectRatio, inayohusu dirisha zima, na contentAspectRatio, inayohusu mji. Unayoihitaji ni ya pili. Tahadhari moja hapo: ukiweka pia resizeIncrements kwenye dirisha hilohilo, mpangilio wa uwiano unafutika, kwa sababu mambo hayo mawili hayakai pamoja na la mwisho kuwekwa ndilo linaloshinda.

Ikiwa pindo tayari linatolewa na yai bado lipo, sababu inayofuata ni namba iliyoandikwa kwa mkono. Mtu alipima akapata 39, akaiandika 39 kwenye msimbo, akasahau. Kwenye kompyuta iliyowekwa ukuzaji wa asilimia 125 au 150, upau wa kichwa ni mnene zaidi na namba hiyo ni uongo. Ifute, uulize mfumo kila mara.

Sababu ya mwisho ni nadra, lakini imewahi kunichosha kwa siku mbili. Dirisha likipunguzwa sana, mstari wa menyu hauenei tena na hujikunja kuwa mistari miwili. AdjustWindowRectEx haihesabu mstari huo wa pili, kwa hiyo mji unapungua kimo ghafla katika upana fulani maalumu. Ukiona duara liko sawa mpaka upana fulani kisha linabonyea kwa mkupuo mmoja, tazama menyu. Suluhisho la uhakika ni kuupima mji wenyewe kwa GetClientRect na dirisha zima kwa GetWindowRect, kisha kuchukua tofauti yake kuwa ndiyo pindo la wakati huo. Suluhisho jepesi ni kuweka upana wa chini ambao menyu haiwezi kujikunja.

Dalili: dirisha linatetemeka au kumeremeta wakati wa kuburuta

Kingo zinaruka mbele na nyuma, mji unaonyesha weupe wa ghafla, na wakati mwingine programu inaganda mpaka kipanya kiachiwe. Mtumiaji hana mengi ya kufanya hapa zaidi ya kukagua kama programu nyingine nazo zinatetemeka. Kama zote zinatetemeka, sasisha draiva ya kadi ya picha. Kama ni hii peke yake, kosa limo ndani yake.

Sababu ya kawaida ni kuchelewa. Programu inasubiri taarifa kwamba ukubwa umebadilika, inagundua kwamba uwiano umevunjika, kisha inaamuru ukubwa mwingine. Kufikia hapo mfumo umekwisha kulichora dirisha katika ukubwa usio sahihi. Kinachoonekana ni mapambano kati ya mkono wa mtumiaji na programu, mara nyingi kwa kila sekunde. Taarifa za namna hii ni WM_SIZE kwenye Windows, SizeChanged kwenye WPF, resizeEvent kwenye Qt, na componentResized kwenye Swing (WPF, Qt na Swing ni vifaa ambavyo waandishi wa programu huundia madirisha). Zote hueleza jambo lililokwisha kutendeka. Zitumike kupanga upya vilivyomo ndani ya mji, lakini zisitumike kulibishia dirisha.

Kinachotakiwa ni kusema kabla. Windows hutuma ujumbe WM_SIZING wakati kingo bado zinavutwa, ukiwa umebeba mstatili ambao dirisha liko karibu kuuchukua. Programu inaruhusiwa kuubadili mstatili huo palepale, na ikirudisha TRUE, mfumo utauheshimu na dirisha halitachorwa katika umbo baya hata mara moja. Kwenye Windows Forms ujumbe huo hupatikana kwa kuandika upya WndProc. Kwenye WPF, kwa AddHook ya HwndSource. Kwenye Qt, kwa nativeEvent. Kwenye macOS mwenza wake ni windowWillResize ya mwakilishi wa dirisha, inayopewa ukubwa unaopendekezwa na kurudisha ukubwa unaokubalika.

Kama unatumia maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, iliyokwisha kuifanya kazi hii, usiirudie kwa mkono. GLFW ina glfwSetWindowAspectRatio tangu toleo la 3.2, SDL3 ina SDL_SetWindowAspectRatio, Tk ina wm aspect, na Electron ina setAspectRatio. Nimewaona vijana wakiandika mistari 200 ya msimbo mgumu kwa jambo ambalo maktaba waliyokwisha kuipakia hulifanya kwa mstari mmoja, na mistari hiyo 200 ndiyo iliyoleta mtetemo.

Sababu ya pili ya mtetemo, iliyojificha zaidi, ni kukata desimali. Hapa namba za kanga zinaonyesha jambo waziwazi. Chukua dirisha ambalo mji wake una upana wa 1000. Kimo kinachostahili ni 733.33, programu inakata na kuweka 733. Sehemu nyingine ya programu, kwa nia njema, inakokotoa upana kutoka kwenye kimo hicho, inapata 999.55, inakata na kuweka 999. Ya kwanza inaamka tena, inapata 732. Upana unateremka: 998, 996, 995, 994, 992, 991, mpaka 990, ambapo kimo ni 726 kamili na hesabu inatulia kwa sababu 990 inagawanyika kwa 15. Mtumiaji hajagusa kitu, na dirisha limejipunguza lenyewe pikseli kumi mbele ya macho yake.

Marekebisho ni matatu, nayo huenda pamoja. Uwiano uhifadhiwe kama namba mbili kamili, 15 na 11, wala usihifadhiwe kama 1.36. Upande mmoja tu uongoze, na mwingine ukokotolewe kutoka kwake, bila kurudi nyuma. Na tofauti ya pikseli moja ihesabiwe kuwa ni usawa, isiamshe marekebisho mapya.

Simama ikiwa programu inaganda kabisa wakati wa kuburuta na kuna kazi ambayo haijahifadhiwa. Usiendelee kuijaribu ili kuona kama itarudia. Achia kipanya, subiri, hifadhi mchoro, kisha mwite anayeitunza programu.

Dalili: kona ya kulia chini inafanya kazi, lakini ukivuta kushoto au juu dirisha zima linahama

Mwandishi wa programu ameandika marekebisho kwa upande mmoja na kusahau saba. Ujumbe WM_SIZING hueleza ni upande gani unaovutwa kwa namba 1 hadi 8: 1 ni kushoto, 2 kulia, 3 juu, 4 kona ya juu kushoto, 5 kona ya juu kulia, 6 chini, 7 kona ya chini kushoto, na 8 kona ya chini kulia. Kanuni ni kwamba kona iliyo mkabala na ile inayovutwa isisogee. Ukivuta kona ya juu kushoto, ile ya chini kulia ndiyo nanga, kwa hiyo marekebisho ya kimo yaende kwenye ukingo wa juu. Msimbo unaorekebisha ukingo wa chini siku zote utaisukuma nanga, na dirisha litaonekana kuteleza.

Kwa upande wa kushoto au kulia, upana uongoze na kimo kifuate. Kwa juu na chini, kimo kiongoze. Kwenye kona, watu hutofautiana. Wapo wanaochagua upande uliobadilika zaidi, lakini mkono wa mtu hautembei katika mstari ulionyooka, na uongozi ukihamahama kati ya upana na kimo dirisha litaonekana lina wasiwasi. Mimi huacha upana uongoze kwenye kona zote nne, na sijapata lalamiko.

Dalili: kipanya kinatunza uwiano, njia nyingine zinauvunja

Mtumiaji anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto, dirisha linajaza nusu ya skrini, na kanga inakuwa ndefu kama kitenge kilichoning'inizwa. Tangu Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, dirisha linaweza kubandikwa kwenye nusu ya skrini, na kitendo hicho hakipiti kwenye WM_SIZING. Kulikuza dirisha lijaze skrini yote hakupiti hapo pia, wala ukubwa unaowekwa na programu yenyewe kwa amri. Nyaraka za Electron zinasema wazi kwamba uwiano hauheshimiwi pale ukubwa unapobadilishwa kwa amri kama setSize, na kwenye macOS vizuizi vya uwiano navyo vimekusudiwa mkono wa mtumiaji.

Ukaguzi mwepesi ni kulirudisha dirisha kwenye hali ya kawaida, kwa kuuburuta upau wa kichwa mbali na ukingo wa skrini ikiwa limebandikwa, au kwa kuubonyeza mara mbili ikiwa limejaza skrini yote, kisha kuvuta ukingo mmoja kidogo. Uwiano ukirudi, umethibitisha sababu.

Inawezekana kupambana. Ujumbe WM_WINDOWPOSCHANGING huja kabla ya mabadiliko mengi ya ukubwa, na programu inaweza kuubadili. Nilijaribu, na ninashauri kwa moyo wote usifanye hivyo kwa hali ya kubandika au kujaza skrini. Mtu aliyeomba nusu ya skrini akapewa kitu kingine ataona kompyuta yake imeharibika. Njia iliyo ya haki kwake ni kuliachia dirisha umbo alilolitaka, kisha ndani ya mji kuchora kanga katika mstatili mkubwa kuliko yote unaoenea kwa 15 kwa 11, uwekwe katikati, na nafasi inayobaki ijazwe rangi ya kijivu. Hesabu yake ni fupi: gawanya upana wa mji kwa 15 na kimo chake kwa 11, chukua jibu dogo, zidisha tena. Tangu tulipoweka utaratibu huu, hata makosa ya pindo niliyoyaeleza juu hayakuweza tena kuharibu mchoro, kwa sababu mchoro haukutegemea tena utii wa dirisha. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu kati ya yote yaliyo katika mwongozo huu, fanya hili.

Kumbuka pia kuzihesabu upya nafasi za kipanya baada ya kuweka mistari hiyo ya kijivu. Tusipotoa upana wa mstari wa kijivu, mbunifu atabonyeza kwenye korosho na alama itatokea pembeni yake.

Dalili: kila ukifungua programu, dirisha ni refu kuliko jana

Sababu ni karibu daima moja. Programu ilipofungwa ilihifadhi ukubwa wa dirisha zima, na ilipofunguliwa ikautumia kama ukubwa wa mji, kisha mfumo ukaongeza pindo juu yake. Kwenye mfano wetu, kila ufunguzi huongeza pikseli 16 za upana na 39 za kimo. Pima mara mbili mfululizo. Ongezeko likiwa lilelile, ndiyo hiyo. Tiba ya muda kwa mtumiaji ni kurudisha mipangilio ya mwanzo ya programu ikiwa kuna kitufe cha kufanya hivyo. Tiba ya kudumu ni kuhifadhi ukubwa wa mji peke yake na kuuweka mji peke yake.

Usiingie kwenye rejista ya Windows kufuta namba usizozijua ili kuliweka sawa dirisha. Mwite mtunza programu.

Dalili: dirisha linaruka likihamishiwa kwenye projekta

Laptopu iko kwenye ukuzaji wa asilimia 150, projekta iko kwenye 100. Dirisha linapovuka mpaka, pindo lake hubadilika unene, na uwiano uliokokotolewa kwa pindo la zamani haufai tena. Kwa mtumiaji, kuziweka skrini zote mbili kwenye ukuzaji mmoja huondoa tatizo mara moja, na kabla ya kumwonyesha mteja kazi hilo ndilo ninalolipendekeza. Kwa mwenye msimbo, ujumbe WM_DPICHANGED huja na mstatili unaopendekezwa, lakini mstatili huo haujui chochote kuhusu 15 kwa 11. Shika badala yake WM_GETDPISCALEDSIZE, inayokuja kabla, na ujibu kwa ukubwa uliokwisha kuhesabiwa kwa pindo jipya.

Dalili: uwiano unavunjika dirisha likifika kwenye udogo wake wa mwisho

Ukubwa wa chini uliowekwa haumo katika uwiano. Mtu ameweka 600 kwa 500, ilhali 15 kwa 11 inataka 600 kwa 440. Weka jozi inayolingana kwa mji, kisha ongeza pindo.

Dalili: kwenye Windows ni salama, kwenye Linux hakuna kinachofanya kazi

Hapa jibu linategemea ni nani anayesimamia madirisha. Kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, programu haiamuru, inaomba. Ombi huandikwa katika sifa iitwayo WM_NORMAL_HINTS, na msimamizi wa madirisha ndiye anayeamua. Andika xprop kwenye terminali, bonyeza dirisha, na utafute mistari inayotaja uwiano wa chini na wa juu. Isipokuwepo, programu haikuomba. Ikiwepo na bado haiheshimiwi, huenda unatumia msimamizi anayepanga madirisha kama vigae, na hao kwa kawaida hawajali ombi hilo. Ikiheshimiwa kwa makosa madogo, tazama ukubwa wa msingi: kanuni za X11 zinasema ukubwa huo, ukitajwa, utolewe kwanza kabla ya uwiano kupimwa, na programu inayouandika kiholela inajipotosha yenyewe.

Kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, itifaki ya xdg-shell ina ukubwa wa chini na ukubwa wa juu, lakini haina ombi la uwiano. Mtumiaji anapovuta, programu huambiwa ukubwa usiopaswa kuzidishwa, nayo inaruhusiwa kujichora ndogo zaidi ili kutunza umbo lake. Ndiyo maana GTK 4, maktaba ya kuundia madirisha, haina tena agizo la uwiano wa dirisha lililokuwepo katika GTK 3, na GtkAspectFrame, inayotunza umbo la kilichomo ndani, ndiyo iliyobaki. Aliyekwisha kuchora kanga ndani ya mistari ya kijivu hatapata shida yoyote hapa.

Unapomwita mtaalamu

Kama umepita kwenye dalili zote na hakuna iliyofanana na yako, usimtumie anayeitunza programu picha ya dirisha lililoharibika peke yake. Mwandikie mfumo na toleo lake, kipimo cha skrini na asilimia ya ukuzaji, idadi ya skrini zilizounganishwa, ukingo au kona uliyokuwa ukiivuta, na vipimo vya duara kwa rula kabla na baada ya kuvuta. Kama umepiga simu badala ya kuandika, kaa mbele ya kompyuta hiyohiyo ikiwa imewashwa, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni kama duara linabonyea zaidi dirisha likiwa dogo.